Siku ni ya Nani? Tamasha kati ya Likasi, Bunkeya na Pwani

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kutumia maisha yake kunasa muziki wa bara hili, alifika Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Mtaani akamkuta kijana anapiga gitaa. Alikuwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama Mwenda wa Bayeke. Hapakuwa na jukwaa, hapakuwa na tiketi wala mshereheshaji. Sahani zilizotokana na siku zile, ukiwemo wimbo wa "Masanga", zilimpatia tuzo ya Osborn ya muziki bora wa Afrika wa mwaka ule, kisha zikasambaa hadi Nairobi, ambako wapiga gitaa wa Kenya walikaa na santuri kujifunza vidole vyake. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, mbele ya umati uliolipa kiingilio na kushika ratiba mkononi.

Mpigaji ni yule yule, na mtindo ni ule ule wa gumba na kidole cha shahada. Kilichobadilika ni siku. Kule Jadotville siku ilikuwa ya wapita njia: anayetaka asimame, anayechoka aende zake. Kule Newport siku ilikuwa ya waandaaji, waliojua nani anapanda saa ngapi na anashuka saa ngapi. Ndiyo maana nashika swali moja kupima matamasha ya kwetu. Kabla ya kuuliza nani anapiga na nani anacheza, tuulize siku yenyewe ni ya nani. Nani kaitenga? Nani ana haki ya kuifunga? Nani anaamua nani asimame wapi? Nitaweka mezani siku nne: ya kampuni, ya mwami, ya mitaa ya pwani na ya tiketi.

Siku ya kampuni

Likasi haikuzaliwa na bandari wala na njia ya misafara. Ilizaliwa na shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, migodi ikafunguliwa, viwanda vya Panda na Shituru vikajengwa, na mji ukabandikwa jina la Jean Jadot, mkubwa wa kampuni aliyekaa Ubelgiji. Jina hilo lilidumu hadi 1966. Katika mji wa namna hii saa haikusomwa kwenye jua wala kwenye mnara wa msikiti. Ilisikika kwenye king'ora. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea vibarua wa muda, ikahimiza wafanyakazi waishi kambini na wake zao na watoto. Ikawapa nyumba, posho ya kila juma, zahanati na shule. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001, amewaita watu wa kambi hizo bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni.

Baba wa aina hiyo hukupa hata mapumziko. Jumapili na sikukuu ndizo siku alizoachia, na ndani ya nafasi hiyo watu wa shaba, huku Katanga na ng'ambo ya mpaka, walitengeneza siku yao. Mfano ulioandikwa vizuri kuliko yote ni wa Luanshya, mji wa shaba wa Zambia ya leo, ambako J. Clyde Mitchell alitazama ngoma ya kalela na kuchapisha kijitabu chake mwaka 1956. Wachezaji walikuwa vijana wa Kibisa, wachimbaji na vibarua. Hawakuvaa ngozi wala manyoya. Walivaa suruali za kijivu zilizopigwa pasi, fulana safi na viatu vinavyong'aa. Kundini palikuwa na "daktari" aliyevaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu kifuani, na "nesi", mwanamke pekee, aliyezunguka na kioo na leso ili kila mchezaji ajitazame na kujifuta jasho asije akaharibu unadhifu wake. Nyimbo zilisifu kwao na kuyatania makabila mengine waliyokutana nayo mgodini. Mzungu wa kampuni hakuchezewa ngoma hiyo, ila alikuwamo katika kila mshono wa nguo zao. Waliichukua ngazi ya vyeo iliyowakandamiza kuanzia Jumatatu, wakaivaa Jumapili kwa raha zao wenyewe.

Siku iliyotolewa na baba, baba anaweza kuichukua. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mishahara, Jadotville ikiwamo. Kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo, askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira, na watu wengi wakafa. Uwanja ambamo mkusanyiko wa Jumapili ulikuwa burudani ukageuka mahali pa mauaji, kwa sababu safari hii watu walikuwa wamejiitia mkusanyiko wenyewe. Anayetaka kuelewa muziki wa miji ya shaba asiiache nyuma Desemba ile.

Hata vyombo vimebeba alama ya baba huyo. Karindula, banjo kubwa inayopigwa Lubumbashi na vitongoji vyake, mwili wake ni pipa la mafuta. Upande mmoja wa pipa huwambwa ngozi ya mbuzi, mti mrefu unasimamishwa uwe shingo, kisha nyuzi nne zinanyooshwa juu yake. Pipa lililoleta mafuta ya mitambo linamaliza maisha yake likichezesha watu barabarani. Chombo hiki hakihitaji ukumbi. Kinachohitajika ni uwanja wa nyumba, watu wenye muda, na pengine kinywaji cha kienyeji kama munkoyo au lutuku cha kusogeza saa.

Kisha baba akaanguka. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, ikawa Gécamines, ikalisha miji hii kwa miaka zaidi ya ishirini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ukaporomoka. Mwaka 1992 na 1993, katika Likasi hii hii, siasa za chuki ziliwafukuza majirani wenye asili ya Kasai, na familia nzima zikalala kituo cha reli zikisubiri treni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. King'ora kilipokosa nguvu ya kugawa juma, Jumapili nayo ikapoteza mipaka yake. Mtu asiye na zamu kila siku yake ni huru, na kwa hiyo hana sikukuu. Hapo ndipo tatizo la tamasha la Likasi linapoanzia. Vipaji vipo. Aliyekuwa akigawa siku ndiye ameondoka.

Siku ya mwami

Kaskazini mwa Likasi kuna Bunkeya, makao ya mwami, yaani mtawala, wa Bayeke, na huko siku haijawahi kukosa mwenyewe. M'siri, mwanzilishi wa utawala huo, alitoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa, katika Tanzania ya leo, akifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu. Aliijenga Bunkeya ikawa mji wa misafara ya bahari zote mbili. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na Omer Bodson, ofisa wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II. Bodson naye aliuawa katika pambano hilo. Kila mwaka tarehe hiyo Bayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka.

Linganisha na Jumapili ya kampuni. Jumapili hurudi kila juma na haimkumbuki mtu. Tarehe 20 Desemba hurudi mara moja kwa mwaka na haina maana bila jina la mtu. Katika siku ya mwami watu hawasimami popote wapendapo. Kiti kina mahali pake, ukoo una mahali pake, na wimbo unajua unamwelekea nani. Anayeimba hashindani na mtu wala hauzi kitu. Anashuhudia kwamba utawala ungalipo ingawa aliyeuanzisha alikatwa kichwa. Hata mapambo yanasimulia. Katika falme za eneo hili kipande cha kombe la Bahari ya Hindi kilikuwa alama ya utawala, yaani heshima ya bara ilining'inizwa kifuani kwa kitu kilichotoka pwani.

Faida ya siku hii ni kumbukumbu, na hasara yake ni kwamba mgeni hubaki mgeni. Unaweza kuitazama kutwa nzima, ukapewa chakula na heshima, lakini huwezi kuingia katikati bila nasaba. Mwenda alipoondoka Bunkeya kwenda mjini alibeba jina la Bayeke akaliacha gitaa lizungumze na yeyote, Msanga, Mluba au mtu wa mbali, mara nyingi kwa Kiswahili kile cha Katanga ambacho hakina ukoo. Sidhani ni bahati tu kwamba muziki wake uliiva Jadotville na si kwao. Mji wa kampuni ulimnyima mengi, lakini ulimpa wasikilizaji wasioulizana nasaba.

Siku ya mitaa ya pwani

Pwani siku ni ya mtaa, na mtaa hauko mmoja. Sharti lake kubwa ni mpinzani. Beni, ngoma ya tarumbeta na gwaride iliyoibuka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, haikuchezwa na kundi moja. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Tanganyika kukawa na Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake vya kujitungia, wafalme na majenerali wake, na kila upande ulitumia fedha kuliko uwezo wake ili upande wa pili uaibike. Ngoma za lelemama za akina mama zilikwenda kwa sheria hiyo hiyo. Hapa hapakuwa na baba wa kugawa siku. Siku iligawanywa na hasimu wako: akicheza yeye leo, kesho zamu ni yako.

Ngoma hiyo ilitembea. Vita Kuu ya Kwanza iliwachanganya askari na wapagazi wa pande zote. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji liliteka Tabora mwezi Septemba 1916, na baada ya vita beni ikawamo katika miji ya shaba ikiitwa mbeni. Terence Ranger aliifuata njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975, na kalela ya Luanshya ni mjukuu wake. Lakini tazama kilichobadilika njiani. Pwani mpinzani alikuwa mtaa wa jirani, mtu unayemjua hadi jina la bibi yake. Mgodini mpinzani akawa kabila lililoletwa na treni ile ile, na dhihaka ikawa njia ya wageni kuzoeana. Mashindano yalikuwa yale yale, kazi yake ikawa nyingine. Pwani yalichokoza wanaofahamiana, na huku mgodini yalifahamisha wasiofahamiana.

Pwani pia wanayo siku iliyo juu ya mashindano yote. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa huja kila Julai kwa hesabu ya mwaka wa jua. Asubuhi wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba, kila mmoja akimtolea mwenzake hasira alizoziweka mwaka mzima. Wanawake hupita wakiimba, tena maneno yasiyosemwa siku nyingine. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Baadaye ni chakula, nguo mpya na ngoma hadi usiku, na mgeni hukaribishwa kula kama mwenyeji. Siku hii haina mfadhili wala mwandaaji wa kulaumiwa. Ni ya kalenda, na kalenda haifilisiki.

Siku ya tiketi

Aina ya nne ndiyo tunayoizungumzia zaidi siku hizi tunaposema tamasha: uzio, lango, jukwaa, spika, na jina la mfadhili kwenye kitambaa nyuma ya mwimbaji. Watu wa Katanga wana sababu ya kuutazama uzio kwa jicho la pili. Mwaka 1958, katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels, wavulana na walimu wa kwaya ya Kamina, waliojulikana kama Troubadours du Roi Baudouin, waliwaimbia Wazungu muziki wa misa iliyotokana na nyimbo za Kongo na wakashangiliwa. Katika maonyesho hayo hayo Wakongo wengine walikalishwa ndani ya "kijiji" cha mfano, watazamaji wakawarushia ndizi na karanga kupitia uzio, hadi wakakataa fedheha ile na kurudi kwao kabla maonyesho hayajaisha. Msanii na mdhalilishwa walitoka nchi moja, wakawa chini ya mwandaaji mmoja. Tofauti ilikuwa upande upi wa uzio umewekwa na nani kakuweka.

Hata hivyo si kila lango ni baya. Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar kila Februari tangu 2004 ndani ya Ngome Kongwe, limejua kufanya jambo moja la maana: kabla ya lango kuna gwaride la bure, ngoma na beni zikipita barabarani hadi mjini, na watoto wanaofuata hawaulizwi tiketi. Nayo tiketi ina bei yake kwa mwenyeji na nyingine, kubwa zaidi, kwa mgeni wa mbali. Ndani, mkoba wa ukili unakaa bega kwa bega na kamera ya Ulaya. Udhaifu wake ulionekana mwaka 2016, tamasha lilipokosa kufanyika kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwaka ule ulifanyika kama kawaida.

Tamasha la Amani la Goma lilichagua njia nyingine. Toleo la kwanza lilifanyika Februari 2014, miezi michache baada ya waasi wa M23 kufurushwa, katika uwanja wa shule ya Collège Mwanga, na kiingilio kikawekwa dola moja ili vijana wa mitaa wasibaki nje ya ukuta wakisikiliza mwangwi. Tiketi pale ilikuwa hoja ya kisiasa: kijana wa Goma ana haki ya kununua siku tatu za furaha katika mji uliozoea kununuliwa na bunduki. Januari 2025 mji ukatekwa tena. Kilichodhihirika ni kwamba siku ya tiketi, hata ikiwa na nia njema kiasi gani, inahitaji mwenye lango, na mwenye bunduki hubadili wenye malango.

Jina na noti

Njia ya mkato ya kujua siku ni ya nani ni kuitazama noti inavyotembea. Katika taarabu ya pwani mama huinuka kitini, noti ikiwa juu ya vidole, akaelekea kwa mwimbaji kwa mwendo wa pole ambao ukumbi mzima unautazama. Hainuki popote, anainuka mstari unapofika pale unapomgusa hasimu wake, naye anataka hasimu aone. Kwa dakika moja tamasha ni lake. Akirudi kitini, jibu litatoka kwenye meza nyingine.

Bendi za Kongo zina mabanga. Tajiri, mfanyabiashara au mwanasiasa hulipa ili jina lake liitwe katikati ya wimbo, na jina hubaki ndani ya sahani miaka na miaka. Noti ya taarabu inanunua dakika; libanga linanunua kumbukumbu. Katika hili mwanamuziki wa mjini amekuwa mrithi wa mwimbaji wa mwami, isipokuwa mwami alisifiwa kwa nasaba na tajiri anasifiwa kwa malipo. Na kitambaa cha mfadhili nyuma ya jukwaa ni libanga lisiloimbwa: jina limelipiwa, lakini hakuna aliyelazimika kulitungia hata mstari mmoja.

Kilichokosekana katika mizani hii ni noti ya mtaa wa Jadotville. Mwenda alisifiwa hadi Newport, ila mjini alikula kwa kazi ya ukarani. Siku ya wapita njia iliuzaa muziki bila kumlisha aliyeupiga. Anayetamani kuirudisha siku ile kama ilivyokuwa anataka wasanii wafanye kazi bure.

Likasi ichukue nini

Likasi ina muziki wa kutosha siku nzima: kwaya za parokia, fanfare, karindula, vijana wa rapu, wazee waliobaki na gitaa kavu lenye chupa ya kugongea mapigo. Lubumbashi, kilomita kama 120 kusini-mashariki, imekuwa na biennale ya sanaa tangu 2008, iliyoanzishwa na Picha, kundi la wasanii wa mji huo huo na si kampuni wala wizara. Kwa hiyo jambo linawezekana Katanga.

Kosa rahisi lingekuwa kuiga tiketi peke yake: kukodi uwanja, kusimamisha spika kubwa, kumwalika nyota wa Kinshasa kwa fedha zote zilizopo, na kuomba kampuni mojawapo ya madini, za zamani au mpya, iwe baba tena. Siku ya namna hiyo ingekuwa ya baba, na tumeshajua baba akianguka nini hutokea.

Kila desturi hapa ina kitu kimoja inachokijua kuliko nyingine. Bunkeya inajua tarehe: siku isiyobadilika, yenye sababu, ambayo haihitaji kutangazwa kwa sababu kila mtu anaingoja. Pwani inajua mpinzani: bila Panda kushindana na Shituru, bila kata hii kuitolea jicho kata ile, watu watakuja kutazama badala ya kuja kushinda. Zanzibar inajua gwaride kabla ya lango, na bei ya mwenyeji. Goma inajua dola moja. Na Likasi yenyewe, kupitia kalela ya majirani na gitaa la Mwenda, inajua kwamba mgeni wa jana anaweza kuwa mchezaji wa leo bila kuulizwa kabila, somo ambalo mji huu uliwahi kulisahau kwa gharama kubwa.

Vikiunganishwa, vitu hivyo havihitaji bajeti ya kutisha. Vinahitaji kamati ya mitaa itakayoshika tarehe moja hata mwaka ambao mfadhili hatakuja, daftari la mapato litakalosomwa hadharani, na kanuni moja isiyovunjwa: anayepiga alipwe kwanza, kabla ya spika, kabla ya kitambaa, kabla ya hotuba ya mkubwa. Mji utakaotimiza hayo hautakuwa na haja ya kumuuliza mtu yeyote siku ni ya nani.